Nyimbo 26

Mdogo wangu alichomoa spika ya sikioni kabla wimbo wa nne haujafika kiitikio. Tulikuwa tumelala chali sakafuni, taa zimezimwa, waya mmoja umetugawa: sikio la kushoto lake, la kulia langu. Akaiweka spika yake juu ya bega langu kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Dada," akasema, "huu ni msiba."

Nikamjibu kwamba ndiyo maana yake. Kwani mfululizo wenyewe ni harusi?

"Sijasema harusi. Nasema hapa umelia tangu wimbo wa kwanza. Wao hawalii hivyo."

Nilikasirika, sifichi. Ilikuwa 2019, na orodha ile ya nyimbo ilikuwa imenila wiki tatu za usiku. Nyimbo 26, si 25 wala 27, na idadi hiyo sikuiokota njiani. Neon Genesis Evangelion, ile anime, yaani katuni ya Kijapani, ya Hideaki Anno iliyorushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, ina sehemu 26. Na Shinji Ikari, mvulana aliyebebeshwa kazi ya kuokoa dunia, ana kicheza kanda kidogo asichoachana nacho. Asipotaka kusikia la mtu, anaziba masikio kwa spika, na kile kioo chembamba cha kifaa chake kinaonyesha 25, halafu 26, halafu kinarudi 25. Nyimbo mbili tu, zinafukuzana. Nilipotazama mara ya kwanza sikuziona namba hizo. Mara ya tatu nikaziona, nikasimamisha picha, nikakaa nayo muda mrefu, kwa sababu nami nilishawahi kuwa mtu wa nyimbo mbili.

Kwa ambaye hajaitazama: ni watoto wa miaka 14 wanaoendesha majitu yanayofanana na roboti, wakipigana na viumbe vinavyoitwa Malaika. Hilo ni ganda. Ukilibandua unakuta baba asiyemtazama mwanawe usoni, msichana, Rei, asiyejua kama nafsi aliyonayo ni yake, na mwingine, Asuka, anayejigamba asubuhi hadi jioni ili asipate nafasi ya kulia. Anno aliandika, kabla mfululizo haujaanza, kwamba alikuwa ametoka katika miaka minne ya kushindwa kufanya lolote. Ukitazama sehemu za mwisho humwoni mtu anayebuni huzuni. Unamwona anayeisimulia akiwa bado ana matope miguuni.

Kwa hiyo nilikuwa nimekusanya giza. Sheria yangu ilikuwa moja: wimbo wowote uliomo ndani ya mfululizo marufuku, isipokuwa wa mwisho. Kuuchukua muziki wa Shiro Sagisu, mtunzi wa mfululizo, na kuupanga upya si kazi ya shabiki, ni kuvuruga albamu ya mwenyewe. Nikatafuta nje. Mapigano nikayapa magitaa mazito yanayonguruma kama mashine iliyokosa mafuta. Rei nikampa sauti za wanawake wanaonong'ona. Shinji peke yake nikampa nyimbo saba, zote za watu wanaoimba kana kwamba wamefunikwa uso kwa mto. Nilijivunia hasa mpito wa wimbo wa 11 kwenda wa 12, pale ngoma ya mmoja inapokata roho na pumzi ya mwimbaji wa pili inaanza papo hapo. Nilidhani hakuna binadamu ambaye ungempita bila kumgusa. Ndio kwanza tulikuwa kwenye wa nne.

Niseme pia kwamba mdogo wangu alikuwa kwangu mwezi mzima sasa. Alikuja na begi moja baada ya kugombana na baba, na ugomvi wenyewe hakuna aliyenieleza ukaeleweka, si yeye si baba. Nikimuuliza, "Umeongea na nyumbani?" ananiambia betri inakwisha. Usiku alijifungia na kutazama mfululizo ule, ambao katikati ya mwaka huo ulikuwa umeanza kutiririshwa duniani kote. Mimi niliutazama miaka mingi nyuma, kwenye diski za rafiki zilizojaa mikwaruzo. Hatukuwahi kuutazama pamoja. Niliusikia tu ukutani: wimbo wa ufunguzi ukianza, ukikatika, ukianza tena. Mambo ya baba sikuthubutu kuyagusa, nikaona bora nimpe nyimbo.

"Haya," nikasema gizani, "wewe ungeweka nini?"

Akakaa kimya kidogo. "Unaikumbuka ile wanayocheza?"

Naikumbuka. Sehemu ya 9. Malaika mmoja amejigawa wawili, na hauawi mpaka wote wawili wapigwe kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Shinji na Asuka, ambao hata kukaa chumba kimoja ni vita, wanafundishwa kucheza dansi pamoja, hatua kwa hatua, mpaka miili yao ifuate pigo moja. Shambulio linakwenda na muziki, sekunde 62, na ule muziki ni wa furaha tupu, kama sherehe ya watu waliovaa vizuri.

"Wewe hapo umeweka gitaa la kuvunja ukuta," akasema.

Kweli nilikuwa nimeliweka.

"Na ile ya Asuka? Malaika akiwa juu angani anammulika?"

Hapo nikanyamaza, maana nilijua anakokwenda. Sehemu ya 22. Mwanga unashuka juu ya yule binti na kuanza kumfukua akili, unatoa kila alichokizika tangu utotoni, anapiga kelele aachwe. Na kinachoimbwa juu ya kelele hizo ni Haleluya ya Händel. Kwaya nzima, shangwe yote, tarumbeta zote. Niliwahi kuisimamisha sehemu ile nikaenda kunywa maji. Ingekuwa zeze linalolia, ningeitazama mpaka mwisho bila taabu, kwa sababu zeze lingekuwa linanionea huruma pamoja naye. Haleluya haimwonei mtu huruma. Inaendelea na sherehe yake.

Mdogo wangu alikuwa amegeuka, amelala kwa ubavu, sasa anahesabu kwa vidole ingawa gizani sikuviona. Kaworu, mvulana anayekuwa rafiki wa Shinji na kumbe ni Malaika, anatokea akiimba puani Simfonia ya Tisa ya Beethoven, kwa wepesi, kama mtu anayesubiri usafiri. Sehemu hiyohiyo inaishia kwa kwaya ya simfonia ileile, jitu la Shinji limemshika Kaworu mkononi, na picha haisogei. Zaidi ya dakika nzima haisogei. Kwaya inapaa, mkono umeganda, nawe unajua kitakachotokea na hakuna pa kukimbilia.

"Hiyo ni furaha, Dada. Wameandika furaha juu yake."

Nikamwambia basi kama ni hivyo angeweka na ile ya lifti. Nilisema kwa kejeli. Katika lifti Asuka na Rei wanasimama bila neno, bila muziki, bila kusogea, kwa muda mrefu kiasi cha kudhani kifaa kimekwama. Unaanza kuangalia kama kidole chako kimebonyeza kitu. Orodha ya nyimbo haiwezi kuwa na lifti.

"Kwa nini isiwe nayo?" akauliza.

Swali hilo lilinikalisha kitako. Nikawasha simu, mwanga ukatupiga sote machoni.

Tulifanya kazi mpaka usiku wa manane kupita. Sitaieleza yote, mengine yalikuwa ubishi wa kitoto. Sheria yangu ilivunjwa ya kwanza. Nyimbo saba za Shinji zikabaki mbili, na mahali pa tano zilizotoka tukaweka kipande kimoja tu cha Bach, ile Suti ya kwanza ya chelo anayoipiga akiwa peke yake katika sehemu ya 15, akidhani hakuna anayemsikia. Gitaa la kuvunja ukuta likaondoka, ukaingia wimbo wa dansi ambao nisingekubali uonekane kwenye simu yangu mchana. Kwa ajili ya lifti tulirekodi sisi wenyewe sekunde 50 za chumba: friji ikivuma, mdogo wangu akijizuia kucheka. Halafu akakumbuka nyenje. Katika dunia ile majira yamevurugika, Japani ni kiangazi mwaka mzima, na karibu kila picha ya nje ina nyenje wanaolia bila kupumzika. Mimi niliyetazama mara tatu sikuwahi kuwahesabu kama muziki. Tukawatafutia nafasi mbili.

Mpito wangu wa 11 na 12 alikubali ubaki. "Huo mzuri," akasema, bila kuongeza neno.

Ilikuwa katikati ya hayo, tukibishana kuhusu nafasi ya tatu, ndipo aliposema, akiwa anatazama simu na si mimi, "Gendo ni baba mbaya, lakini angalau aliandika barua."

Gendo ni baba yake Shinji. Barua yenyewe ina neno moja la maana: njoo.

Sikujua niseme nini. Nikasema, "Barua ya neno moja."

"Neno moja si sifuri."

Akacheka, nami nikacheka, na tukarudi kwenye nafasi ya tatu. Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi, nikitafuta pale ambapo dada mwingine angeuliza swali. Pengine palikuwapo.

Tulipomaliza nikasema sasa tusikilize wa mwisho, wa 26, ule pekee ambao tangu mwanzo niliuruhusu kutoka ndani ya mfululizo. Nikaubonyeza. Ngoma laini ikaingia, sauti ya mwanamke ikaomba kurushwa mpaka mwezini. Nilifumba macho. Kwangu hapo ndipo penye mfululizo mzima: umetoka kuona mtoto akivunjwavunjwa, picha inakatika, na mara inakuja "Fly Me to the Moon", wimbo wa Kimarekani alioutunga Bart Howard mwaka 1954, umelegea kama mtu aliyevua viatu, huku Rei akizunguka taratibu na mwezi umekaa juu ya maji. Kila sehemu iliishia hivyo, na sauti zilibadilikabadilika.

"Huu umetoka wapi?" mdogo wangu akauliza.

Nikafikiri anatania.

"Si wa mwisho? Kila sehemu?"

"Wa mwisho ni piano."

Tukabishana karibu nusu saa, naye alikuwa na uhakika kama nilionao mimi. Akafungua sehemu ya kwanza, akaivuta mpaka mwisho, akanisikilizisha. Kweli, piano. Polepole, peke yake, na yule Rei akizunguka kama ninavyomjua, mwezi uleule, maji yaleyale. Nilihisi kama mtu aliyerudi chumbani kwake akakuta kitanda kimehamishwa. Baadaye ndipo tuliposoma kwamba ni mambo ya haki za wimbo: toleo lililotiririshwa katika baadhi ya nchi nje ya Japani liliondolewa ule wimbo, pakawekwa piano iliyokuwa tayari katika muziki wa mfululizo.

Nikamwambia amekosa. Nikamweleza kwamba ule wimbo ndio siri yenyewe, ndio hiyo furaha iliyoandikwa juu ya msiba, hoja yake mwenyewe ya tangu saa nne usiku. Nilieleza vizuri, nadhani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Inawezekana," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nikibaki na piano."

Akavuta shuka. Niliendelea kumfikiria akiwa upande wa pili wa ukuta mwezi mzima, sehemu ikiisha, piano ile ikipiga katika chumba chenye giza, naye akibonyeza inayofuata. Mimi nilipewa wimbo wa kunirudisha duniani mara zote 26. Yeye hakupewa.

Nililala spika ikiwa bado sikioni, nyimbo mbili za mwisho zikijirudia kwa sababu mmoja wetu aliweka zirudie, na hakuna aliyekubali ni nani.

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshatoka kwenda kutembea. Simu ilikuwa juu ya meza, imechajiwa. Nikafungua orodha ili niirekebishe kidogo, maana wimbo wa dansi nilikuwa bado sijausamehe. Chini kabisa palikuwa na namba 27. Ile piano.

Katika filamu ya pili ya zile zilizotengenezwa upya, ya mwaka 2009, kicheza kanda cha Shinji hatimaye kinavuka 26 na kuonyesha 27, na mashabiki tumekesha juu ya namba hiyo miaka. Mdogo wangu alikuwa hajaitazama filamu ile. Nilimuuliza aliporudi kwa nini ameongeza, wakati nilimwambia wazi kwamba ni 26.

"Nilisahau kama ulihesabu," akasema, akaenda kuoga.

Sikuiondoa. Wimbo wa dansi niliuondoa, naye akaurudisha siku iliyofuata.