Uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa

Jumamosi usiku, Moshi. Mvua ya masika inapiga bati tangu saa kumi, Kibo sijauona wiki nzima. Nimekaa sebuleni kwa mama, na hatimaye nimelijua kosa langu.

Siku tatu draiva ninayokiandikia kifaa cha kupima mvua, yaani programu ya kukiendesha, ilikuwa inaiangusha kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, kila nikiipakia. Nimeusoma msimbo mstari kwa mstari mpaka macho yakauma. Kumbe fankisheni, kipande kimoja cha msimbo, ilitaka anwani pepe ya kumbukumbu, ile ambayo programu huiona, mimi nikaipa anwani halisi, ya mahali penyewe kwenye kumbukumbu. Zote mbili nilizitangaza kama namba nzima za biti 64. Kompaila, programu inayoutafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, ikaona namba, ikapitisha.

Nililing'amua jana jioni, umeme umekatika, mama akanituma stoo kuchukua mafuta ya taa. "Gusa shingo kwanza, baba," akasema. Chupa za mafuta na za maji ni zilezile, ila ya mafuta ameifunga uzi mwekundu wenye fundo nene. Nikasimama gizani, kidole kiko kwenye fundo, nikiwaza zile namba zangu mbili zisizo na uzi wowote.

Linux, kerneli ninayoiandikia, ina uzi wake. Pointa, yaani anwani inayoelekeza mahali kwenye kumbukumbu, ikitoka kwenye programu ya mtumiaji huwekwa alama ya `__user`, na Sparse, kikaguzi cha msimbo alichokianzisha Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2003, hulalamika ukiichanganya na pointa ya kerneli. Usipokiendesha hicho kikaguzi, hakuna wa kukushtua. Ndiyo maana naipenda zaidi njia ya `pte_t`, aina ya data inayobeba kiingilio kimoja cha jedwali la kurasa za kumbukumbu. Kwenye vichakataji vya x86 na arm64 ndani yake mna namba tu, lakini imefungwa kwenye struct, kifurushi cha data chenye jina lake, hivyo ukiipeleka panapotakiwa namba ya kawaida, kompaila inakataa papo hapo.

Halafu kuna folio, aina ya data ya kushughulikia kurasa za kumbukumbu, kazi ya mwandishi wa kerneli Matthew Wilcox iliyoingia Linux 5.16, Januari 2022. Zamani pointa ya `struct page` ingeweza kuelekeza ukurasa wa kwanza wa kundi, au wa ndani ya kundi, na fankisheni nyingi zililazimika kuuliza upya kila mara: huu ni upi? Pointa ya folio haielekezi kamwe ukurasa wa ndani. Jibu limo kwenye aina yenyewe. Nilipolielewa hilo nilisisimka kweli, maana mtu alikaa akamfikiria mwenzake atakayeusoma msimbo ule amechoka, usiku kama huu.

Leo asubuhi nimezifunga anwani zangu kwenye struct mbili tofauti. Kompaila ikapiga kelele sehemu kumi na moja. Tisa zilikuwa za kubadilisha jina tu. Ya kumi ni ile iliyonitesa. Ya kumi na moja sikuwa naijua kabisa: ilijificha kwenye njia inayopitiwa tu kumbukumbu ya vipimo ikijaa, jambo ambalo lingetokea shambani, mimi nikiwa mbali.

Kifaa kimewaka tangu saa nane mchana. Kiko barazani, kinahesabu mvua.