Karatasi ina bei, hadithi haina

Mwandishi wa hadithi za mashabiki, yaani hadithi ambazo shabiki huandika akitumia wahusika wa kitabu au filamu ya mtu mwingine, akiniuliza kama anaweza kuweka namba yake ya M-Pesa chini ya sura ya mwisho, namjibu asiweke. Jioni hii nataka kuandika sababu zenyewe, maana "kanuni zinakataza" ni jibu fupi mno kwa mtu aliyekesha miezi akiandika maneno laki moja.

Kanuni kwanza. Archive of Our Own, AO3 kama tunavyoizoea, ni tovuti ya kuweka na kusoma hadithi hizo; ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009 na Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2007. Mwaka huo wa 2007 kampuni ya FanLib ilikuwa imekuja kutafuta faida katika hadithi ambazo mashabiki huziandika bure. Waandishi wengi walikasirika, na mwaka uliofuata tovuti yake ikafungwa. Mashabiki wakajenga ya kwao: haina matangazo, kazi hufanywa kwa kujitolea, seva hulipiwa kwa michango. Ndiyo maana humo ndani biashara hairuhusiwi. Huweki kiungo cha Patreon wala Ko-fi, tovuti za kuwachangia waandishi na wasanii pesa, huzitaji, na huandiki kwamba sura inayofuata iko tayari kwa wanaolipia. Namba ya kutumiwa pesa ni yaleyale. Unaweza kuweka kiungo cha ukurasa wako wa kawaida wa mtandao wa kijamii, mradi usiseme kwamba huko kuna malipo. Ukiripotiwa, utatakiwa uondoe maneno hayo. Ukirudia, akaunti yako inaweza kusimamishwa.

Nyuma ya kanuni iko sheria. Kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, nchi ambako shirika hilo liko, huruhusu matumizi fulani ya kazi ya mtu bila idhini yake, na hutaja mambo manne ya kupimwa. La kwanza ni madhumuni ya matumizi, pamoja na kama ni ya kibiashara. Kuandika bure hakukupi kinga kamili, wala kuuza hakukuhukumu papo hapo, ila anayeuza ameitupa mwenyewe hoja yake nzuri. Wenye hakimiliki nao hutazama pesa. Mwaka 2016, wamiliki wa Star Trek, tamthilia na filamu za safari za angani, walipoweka masharti ya filamu za mashabiki, waliruhusu michango isiyozidi dola 50,000, wakataka washiriki wasilipwe na filamu itazamwe bure.

Lakini hata sheria ingelegezwa kesho, bado ningekuwa upande wa bure. Hadithi ndefu ya mashabiki haiandikwi na mkono mmoja. Yupo anayesoma rasimu na kusahihisha, yupo anayekumbusha kwamba mhusika huyu alikwisha kufa, yupo anayechora jalada, na wapo wasomaji ambao maoni yao hubadilisha sura ya kumi. Wote wametoa bure. Mwandishi akianza kulipwa peke yake, msahihishaji ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi, na msomaji huacha kuwa mwenzake, akawa mteja anayedai sura yake Ijumaa. Anayetaka kuishi kwa kalamu, na hiyo ni haki yake, aandike ulimwengu wake mwenyewe, au aisuke upya hadithi yake mpaka wahusika wa watu watoke kabisa. Riwaya ya Fifty Shades of Grey ya mwaka 2011 ilianza hivyo, kama hadithi ya mashabiki.

Kurudisha gharama ni jambo jingine, na desturi yake ni ya zamani. Majarida ya mashabiki wa Star Trek, tangu Spockanalia ya 1967, yaliuzwa ili kufidia uchapaji na posta. Leo swali hilo limehamia kwa wanaojalidi hadithi kwa mkono, na hapa hesabu iwe wazi. Hadithi ya maneno 90,000 hujaza kama kurasa 300 za A5, nusu ya A4, yaani karatasi 75 za A4 zilizochapwa pande zote na kukunjwa. Ukipanga karatasi nne kwa kila mkunjo, unapata mikunjo 19 ya kutoboa kwa msharasi na kushona. Kosa la kawaida ni kuiambia printa ifanye faili zima kuwa kijitabu kimoja: ukurasa wa 1 unakaa ubavuni mwa ule wa 300, na karatasi zote 75 zinataka kukunjwa pamoja. Gawa faili kurasa 16 kwa 16. Kosa la pili huonekana gundi ikishakauka. Nyuzinyuzi zinazounda karatasi ya A4 kwa kawaida hufuata urefu wake, hivyo ukiikunja zinakatiza mgongo wa kitabu; kurasa hujikunjakunja na kitabu hugoma kufunguka vizuri. Nunua A3 ambayo nyuzi zake zinafuata urefu, uikate katikati.

Karatasi, uzi, gundi, kadibodi na posta: gharama ya hivyo mpokeaji anaweza kukurudishia. Saa zako usizihesabu. Najua wajalidi wanaosema wanauza kazi ya mikono tu, na kazi hiyo naiheshimu sana, lakini mnunuzi asingetoa bei hiyo kwa daftari tupu lililoshonwa vizuri vilevile. Anachonunua ni hadithi ambayo mwandishi wake hakupata senti. Wapo walioziondoa hadithi zao mtandaoni baada ya kuzikuta zikiuzwa hivyo, na waliopoteza ni wasomaji wote.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa, fungua wasifu wa mwandishi. Wengi hueleza humo kama wanaruhusu kujalidi na kwa masharti gani. Kama hakuna neno, muulize kwenye maoni, ukitaja idadi ya nakala na zitakwenda kwa nani. Asipojibu, usimchapie mtu mwingine.