Wanafunzi 96, walimu wanne, ruzuku ya shilingi 48,000 kwa mwezi

Shule ninayoiongoza ilianza kama shule shikizi, watoto wa kitongoji wasivuke mto kufuata shule mama. Leo imesajiliwa na inafika darasa la Saba. Ina wanafunzi 96 kuanzia la Kwanza: 16, 15, 13, 14, 15, 14 na 9. Awali wapo 17. Walimu wa ajira ni wanne na mimi nimo humo. Awali inafundishwa na kijana wa kujitolea. Naeleza tunavyoiendesha kwa sababu walimu wakuu wengi wapya hupangiwa shule za namna hii wakiwa wamezoea shule za mjini, na hesabu za mjini huku hazikubali.

Nianze na fedha. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi hapa Tanzania ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na hazifiki kwetu kama fedha. Zinazoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000, yaani 500 kwa kichwa kwa mwezi. Mara 96 ni 48,000. Shule ya watoto 900 inapata 450,000, lakini bawaba ya mlango ikikatika duka haliulizi shule ina watoto wangapi, na bodaboda wa kwenda benki naye haulizi. Ugumu wa shule ndogo umelala hapo: fedha zinafuata vichwa, gharama hazifuati. (Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni 200,000 kwa mwezi, zaidi ya mara nne ya ruzuku ya shule nzima. Wazazi wakisikia "laki mbili" hudhani ni za shule, kwa hiyo kwenye ubao wa matangazo nabandika ruzuku peke yake, kiasi kilichoingia na kilichotumika.)

Kwenda na kurudi benki ni 15,000. Ukienda kila mwezi umekula karibu theluthi ya ruzuku barabarani. Mimi nakwenda mara moja kwa robo mwaka, ambapo zimekwishatimia 144,000, na siku hiyohiyo nanunua mahitaji yote na kuhudhuria kikao kama kipo. Mgawanyo wa robo moja huwa hivi: nauli 15,000, chaki na kalamu na daftari za maandalio 40,000, matengenezo madogo 50,000, kudurufu mitihani 13,800. Kinachobaki, kama 25,000, kinalala kwa ajili ya michezo, maana UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikifika hakuna anayekumbuka kuwa una watoto wachache. Kila fungu lina matumizi yake yaliyoelekezwa kwa waraka, kwa hiyo usihamishe ya fungu hili kwenda lile bila kamati ya shule kukaa na kuandika muhtasari.

Ile 13,800 ya mitihani ina hesabu yake. Masomo sita mara wanafunzi 96 ni karatasi 576, na hapo nimehesabu ukurasa mmoja tu kwa kila somo. Kwa shilingi 100 kila nakala ni 57,600, ruzuku ya mwezi mzima imekwisha na bado. Kwa hiyo tunadurufu kwa la Nne na la Saba tu, watoto 23, nakala 138. Hao lazima wazoee karatasi kwa sababu wana mitihani ya taifa. La Tatu, la Tano na la Sita wanaandikiwa ubaoni. La Kwanza na la Pili wanapimwa mmojammoja kusoma na kuhesabu, kazi ambayo kwa watoto 31 inakwisha kwa siku mbili. Kwenye hilo, udogo wa shule ni faida tupu.

Risiti ndizo huwaangusha wengi. Duka la kijijini halina mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, na ukinunua chaki hapo umejitengenezea hoja ya ukaguzi kwa kitu cha elfu chache. Vya dukani vyote nunua mjini kwenye duka lenye mashine, siku ya benki. Kwa fundi wa kijijini andaa hati ya malipo yenye jina lake, kazi aliyofanya, kiasi na sahihi yake, ukiambatanisha muhtasari wa kamati uliopitisha kazi. Kisha ingiza kwenye FFARS, mfumo wa mtandaoni wa hesabu za fedha za shule, wiki hiyohiyo. Mtandao hapa unapatikana kwenye kichuguu nyuma ya zahanati, na kishikwambi nakichaji kwa sola. Ukiacha miamala irundikane hadi mwisho wa robo, utakaa hapo kichuguuni siku nzima ukikumbuka shilingi 3,500 ilikwenda wapi.

Kwa kuwa fedha ni vichwa, rejesta lazima iwe safi kabla ya takwimu za Machi. Msimu wa kilimo familia huhamia mashamba ya mbali na mtoto hupotea miezi miwili. Huyo ni mtoro wa kufuatiliwa kupitia mwenyekiti wa kitongoji, usimfute. Aliyehama kabisa ahamishwe kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na shule anayokwenda impokee humohumo. Barua ya mkononi peke yake haitoshi, kwani namba yake itabaki kwako na siku ya kusajili watahiniwa ndipo simu zitaanza kupigwa. Kubakiza majina hewa ili kuongeza ruzuku ni upuuzi hata kwa hesabu: majina matano ni shilingi 2,500 kwa mwezi.

Sasa ufundishaji. Madarasa saba kwa walimu wanne yanalazimisha madarasa mchanganyiko. Zamani tulioanisha la Tano na la Sita, la Saba likabaki peke yake kwa sababu ya mtihani. Mtaala mpya umevunja mpango huo. Walioanza nao wakiwa la Tatu mwaka 2024 ndio walio la Tano mwaka 2026, wakati la Sita na la Saba bado wanamalizia mtaala wa zamani. Ukiwaweka la Tano na la Sita pamoja, mwalimu anabeba mitaala miwili na vitabu visivyolingana. Kwa 2026 uoanishaji wenye akili ni la Kwanza na la Pili, la Tatu na la Nne, la Tano peke yake, kisha la Sita na la Saba pamoja.

Chumba cha madarasa mawili kinahitaji mbao mbili, moja kila upande, watoto wakipeana migongo. Tulijaribu ubao mmoja uliopigwa mstari katikati. Watoto wa la Tatu walikuwa wananakili ya la Nne. Kwenye ratiba, panga somo moja kwa madarasa yote mawili katika kipindi kimoja. Hisabati na Hisabati inawezekana, kwa sababu mwalimu ana vifaa vilevile mezani na kichwa chake hakiruki. Hisabati upande huu na Kiswahili upande ule haifai: wa Kiswahili wanasoma kwa sauti na wa Hisabati wanapotea. Kipindi cha dakika 40 tunakigawa hivi: wakubwa wanaanza na zoezi lililokwisha kuandikwa ubaoni kabla ya kengele, mwalimu anafundisha wadogo kama dakika 15, anawapa zoezi, anageukia wakubwa dakika 15, na zinazobaki ni za kusahihisha. Zoezi la wakubwa lisipokuwa ubaoni mapema, dakika kumi zimekufa na kelele zimeanza. Kwa hiyo mwalimu wa madarasa mchanganyiko anafika darasani kabla ya gwaride, si baada yake.

Mwalimu mmoja akiugua au akiitwa semina, mfumo wote unayumba. Ratiba ya dharura ya walimu watatu tumeiandika na kuibandika ofisini: la Tano wanaungana na la Tatu na la Nne, wakiwa na kazi ya kusoma na kufanya mazoezi ya vitabuni. Wakibaki wawili, siku hiyo ni ya marudio kwa wote. Tusidanganyane kwamba kuna mada mpya itakayofundishwa.

Chakula kinabebwa na wazazi. Tunapika makande kwa watoto 113, awali wakiwemo: gramu 150 za mahindi na 50 za maharage kwa mtoto, yaani kilo 17 na karibu kilo 6 kwa siku. Siku za masomo ni 194, kwa hiyo mahindi ni kama gunia 33 za kilo mia. Mkutano wa wazazi uliamua debe mbili za mahindi na kilo 10 za maharage kwa mtoto kwa mwaka. Inazidi kidogo hesabu, na ziada hiyo inafidia wasiotoa pamoja na wadudu. Muda wa kukusanya ni Julai na Agosti, mavuno yakiwa bado ghalani. Ukisubiri Januari hupati kitu, kwa sababu hata wao wananunua. Yapokelewe yakiwa makavu kabisa, punje igongwe jino ilie. Mahindi mabichi yaliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa yanavunda, na sumukuvu haionekani kwa macho.

Mwalimu asishike mchango wowote. Nafaka inapimwa na kuandikwa na wajumbe wa kamati, posho ya kijana wa awali inakusanywa na mzazi aliyechaguliwa mkutanoni, na mtoto wa asiyetoa anakula na kusoma kama wenzake. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, ule wa elimu bila malipo, uko wazi kuhusu michango ya lazima, na mwalimu mkuu ndiye wa kwanza kuulizwa.

Matundu ya vyoo yana kanuni rahisi, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana 46 ni matundu matatu, wavulana 50 ni mawili.

Kinachonikalisha mezani sasa ni 2027. Mtaala mpya unaishia la Sita, kwa hiyo mwaka huo la Saba wa mwisho na la Sita wa kwanza wa mtaala mpya wanamaliza pamoja. Kwetu ni 14 na 15, watoto 29 kwa mkupuo. Mwaka huo la Saba watakuwa peke yao kwenye mtaala wa zamani, kwa hiyo uoanishaji unapangwa upya: la Tano na la Sita wanarudiana. Mwaka 2028 tutabaki na madarasa sita, jozi tatu kamili, na mwalimu wa nne atakuwa huru kuziba mapengo kwa mara ya kwanza. Ruzuku ndiyo itashuka. Kwa hiyo bawaba, vioo na rangi ya ubao tunamaliza kabla ya Desemba 2027, vichwa vikiwa bado vipo.