Saa tatu kasoro nusu

Kwa mtu wa Tanga saa haina fumbo. Jua likichomoza ni kwenye saa kumi na mbili, likizama ni kwenye saa kumi na mbili, katikati unahesabu. Nilipomfuata mume wangu Hamburg, mwanzoni mwa Oktoba 2014, nilijiandaa kwa baridi tu. Koti nilinunua Jumamosi ya kwanza kwenye gulio la mitumba, nikacheka peke yangu: nyumbani mitumba ya Ulaya tunaingojea ifike kwa marobota, mimi nimeifuata kwao. Habari ya baridi ikaishia hapo. Kilichonitesa ni saa.

Ujerumani ukihamia nyumba lazima ukaandikishe anwani yako, na bila karatasi hiyo hata kufungua akaunti ya benki ni shida. Nikapiga simu, nikapewa miadi: "halb neun". Halb ni nusu, neun ni tisa. Nikasikia tisa na nusu, yaani kwa saa zetu tatu na nusu asubuhi. Nikafika saa tatu na robo, najiona mwerevu kwa kuwahi. Dada wa dirishani akanitazama, akatazama kompyuta. Miadi yangu ilikuwa saa mbili na nusu. Nikapangiwa siku nyingine, wiki tatu mbele.

Aibu yenyewe ni kwamba nilishafundishwa. Viza ya kumfuata mwenzi inataka ufaulu kwanza mtihani wa Kijerumani wa A1, yaani ngazi ya kwanza, nami niliufaulu Dar es Salaam. Kwenye karatasi nilijua. Kwenye simu kichwa kina kazi mbili: kugeuza saa yao iwe yetu kwa kutoa sita, na kukumbuka kwamba nusu yao ni ya saa inayokuja, si ya iliyopita. Hili likiingia, lile linatoka.

Mume wangu dawa yake ilikuwa "utazoea tu". Nilipona kwa bahati, jioni moja nasonga ugali wa semolina (maduka ya mtaa wa Steindamm yenye unga wa mahindi sijayajua bado) huku naongea na mama kwenye simu. Akauliza, huko saa ngapi? Nikamjibu, saa mbili kasorobo. Mwiko ukasimama. Kasorobo! Kumbe na sisi tunaishika saa ambayo haijafika, tunaipunguzia robo. Wenzetu wanaipunguzia nusu. Basi "halb neun" ni saa tatu kasoro nusu, basi. Tangu jioni ile sijakosa miadi. Baadaye darasani alikuja mwalimu wa kutoka Leipzig, akatuambia "dreiviertel neun", robo tatu ya tisa. Darasa zima likaduwaa. Mimi nikaandika saa tatu kasorobo, nikaendelea.

Mwisho wa Oktoba saa zikarudishwa nyuma. Nikapiga simu nyumbani muda wangu ule ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona leo umechelewa hivi, nilishapanda kitandani."

"Saa imerudishwa nyuma, mama."

"Nani kairudisha?"

"Serikali."

"Na jua nalo limekubali?"

Halikukubali. Desemba lilichomoza saa mbili na nusu asubuhi, likazama saa kumi jioni. Nilikuwa nalala mchana, usiku natazama dari. Daktari akapima damu, akaniandikia vitamini D, lakini kilichonisaidia zaidi ni amri niliyojiwekea ya kutoka nje kila siku saa sita mchana, nusu saa, mvua iwepo isiwepo. Siku nyingine nilitoka nanung'unika, nikarudi nanung'unika. Ila usiku nililala.

Kisha Ramadhani ya 2015 ikaangukia Juni. Jua la Hamburg mwezi huo linazama saa nne usiku kasoro dakika chache, na saa nne kamili ndipo kelele zinapokatazwa majumbani. Mimi nikifuturu tu nashika kinu, natwanga tangawizi na vitunguu saumu vya daku, kwani usiku wenyewe mfupi, ukizubaa kumekucha. Usiku wa tatu bibi wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Hodi ya aina hiyo nilikuwa sijaipata maishani.

Kesho yake nikashuka na sahani ya kalimati. Nikamweleza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga: mfungo, jua, kinu. Alisikiliza wima mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kwetu ningehesabu hilo ni ugomvi. Nilipomaliza akauliza swali moja. Kwa nini usitwange mchana, ukaweka kwenye friji?

Sikuwa na jibu. Mama hutwanga jioni, nami hutwanga jioni.

Akaongeza kwamba mchana nao una mipaka yake, maana kati ya saa saba na saa tisa wazee wa jengo hupumzika. "Halb vier," akasema, huku ananyoosha kidole kwenye saa yake ya mkononi ili nisikosee.

Saa kumi kasoro nusu. Nikamshukuru, nikatoka kwenda Steindamm kununua kilo nzima ya tangawizi.