Kupiga Kambi Nje ya Lango la Grand Canyon

Ndugu na marafiki tunaoishi nao hapa Marekani huniuliza mara kwa mara namna ya kulala karibu na Grand Canyon, lile bonde kubwa lililo hifadhi ya taifa katika jimbo la Arizona, bila kulipa bei za hoteli, nami huwashauri wasianze kutafuta ndani ya hifadhi. Kambi ya Mather, iliyoko upande wa kusini, hupokea maombi ya nafasi miezi 6 kabla, na kwa kuwa hifadhi hiyo hutembelewa na watu zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, nafasi za kiangazi huwahiwa mapema mno. Lakini ukivuka mpaka wa hifadhi kuelekea kusini, unaingia Msitu wa Taifa wa Kaibab, ulio chini ya Idara ya Misitu, ambako sehemu kubwa imeachwa wazi kwa yeyote anayetaka kupiga hema bure, bila kuomba nafasi, kwa muda usiozidi siku 14.

Bure hiyo ina masharti yake. Hakuna bomba la maji, hakuna choo, wala hakuna pipa la taka, hivyo kila kitu unaingia nacho na unatoka nacho. Haja kubwa hufukiwa katika shimo la sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji. Aidha, sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili ya mahali wanyama wanapokunywa, kwa sababu katika nchi kavu kama ile hema moja lililokaa vibaya huwanyima maji swala na ng'ombe usiku kucha.

Chukua ramani ya barabara za magari ambayo Idara ya Misitu huitoa bila malipo, kwani barabara isiyoonekana humo haifunguliwi kwa magari hata kama ina alama za matairi. Kisha tafuta mahali palipokwisha kutumika, penye udongo mgumu na mawe ya moto wa zamani, badala ya kukanyaga majani mapya. Mimi hupendelea chini ya misonobari ya ponderosa, ambayo magome yake yakipigwa na jua hunukia kama vanila. Eneo hilo liko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku huwashangaza wengi waliodhani Arizona yote ni joto.

Wenzetu wengi hufanya kazi za zamu na hupumzika Jumanne au Jumatano, siku ambazo huonekana hazifai kwa matembezi. Kwa jambo hili ndizo bora kuliko zote, maana umati huja Ijumaa jioni. Anayehitaji choo na meza anaweza kwenda kambi ya Ten-X, iliyo ndani ya msitu huohuo, kwa kulipia. Kabla ya kuingia, ulizia katika ofisi ya msitu kama moto umepigwa marufuku, kwa sababu wakati wa ukame hata jiko la mkaa huweza kukatazwa, na chakula cha kutopika kitakufaa.