Ukuta wa Jiwe, Bugarika

Mwaka 2016 mama alivuka kutoka Ukerewe kuja Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Baada ya hospitali angekaa kwangu Bugarika, kwenye chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa umeliwa na unyevu na matundu ya misumari. Nilitaka bandeji ikitoka, akiingia humo akute kitu cha kutazama. Fedha ya fundi sikuwa nayo. Nilikuwa na galoni ya rangi ya maji ya kijivu, lita 4, na vikopo vya nyeusi, kahawia na nyeupe.

Wazo lilitoka dirishani. Bugarika tunajenga katikati ya mawe, na la kwetu lilisimama nyuma ya jiko, refu kuliko bati. Nikasema ukuta huu ufanane nalo.

Nikakwangua, nikaziba matundu, nikapiga msasa, nikapaka kijivu koti mbili na kuziacha zikauke hadi asubuhi. Kisha nikachovya kipande cha godoro kwenye rangi nyeusi, nikagonga. Ikachuruzika mpaka sakafuni. Palipobaki alama, zote zilikuwa sura moja, zimejipanga kama mihuri kwenye cheti. Nilikaa chini nimeishiwa nguvu; zilikuwa zimebaki siku tatu.

Jirani yangu, mzee aliyepaka nyumba za watu tangu ujana wake, alichungulia. Ukuta hakuugusa. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye jiwe.

"Litazame kwanza, mwanangu."

Miaka sita nilipita hapo nikijua ni la kijivu. Nilipolisogelea niliona chembe nyeupe zinazometa, nyingine za waridi, vidoa vyeusi vidogo kama ufuta ulioungua, na michirizi ya kahawia palipopita maji ya mvua. Nyeusi ndiyo ilikuwa haba kuliko zote.

Tulirudia koti ya kijivu. Mzee akaniagiza dodoki kavu, akalikata vipande vitatu, kwa kuwa nyuzi zake hazilingani kama matundu ya godoro. Rangi tuliizimua kwa maji, nusu kwa nusu. Dodoki unalilowesha, unalikamua sana, unachovya ncha tu, unagonga kwenye boksi kuukuu mpaka rangi ikaribie kwisha, ndipo unakwenda ukutani, na kila ukigonga unazungusha kiganja. Tulianza na kahawia iliyochanganywa na kijivu, tukiacha mapengo. Ilipokauka, nyeusi kidogo. Nyeupe ikaja mwisho. Pembeni tulitumia kipande cha ukubwa wa dole gumba.

Na kila baada ya dakika chache alinirudisha mlangoni. Hilo nalishika hadi leo: ukiwa karibu unaona dodoki, ukiwa mlangoni ndipo unaona jiwe.

Mama aliletwa jioni, jua la ziwani likiingia kwa ubavu. Nilimwamkia, akaitikia bila kunigeukia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kiganja.

"Kumbe ni laini," akasema. Kisha akainama karibu na swichi, akaweka kidole mahali pa ukubwa wa sarafu ambapo kijivu kilikuwa kitupu. Mimi na mzee hatukuwa tumepaona.

"Hapa mmeparuka. Nipe hilo dodoki."

Nikamchanganyia rangi kwenye kifuniko. Akagonga mara tatu, akizungusha mkono, akarudi nyuma hadi mlangoni kutazama.