Saa nane usiku, ganzi ilipoisha

Simu ya wodini ilipoita saa nane usiku, nilijua ni Mzee wa Kilwa hata kabla sijapokea. Muuguzi aliongea kwa ule upole wa mtu aliyekwishakasirika. "Daktari, mgonjwa wako wa matundu analia. Mchana ulituambia hana maumivu."

Mchana kweli hakuwa nayo. Hicho ndicho kilichoniponza.

Kwa msionijua, kazi yangu ni usingizi. Mimi ndiye ninayekupiga nusu kaputi, nakaa kichwani mwako mpaka unaamka, na ukishaamka unamshukuru aliyekupasua. (Sina kinyongo. Kidogo tu.)

Mzee, miaka 68, alikuja na usaha kifuani baada ya kichomi alichokiuguza nyumbani kwa dawa za dukani. Zamani angepasuliwa mkato mrefu ubavuni, mbavu zikatanuliwa kwa chuma. Siku hizi bingwa wetu anapitisha kamera kwenye tundu moja, vifaa kwenye mengine mawili, anatazama skrini huku akikwangua na kufyonza. Ndugu wakisikia matundu wanadhani ni kama kutoga sikio. Binti yake aliniuliza kabisa, "Sasa hapo si Panadol inatosha, dada?"

Haitoshi. Chini ya kila ubavu, kwenye kijifereji cha ukingo wake, unapita mshipa wa fahamu. Tundu linapenya katikati ya mbavu mbili, na vifaa vinageuzwageuzwa humo muda mrefu vikiegemea mfupa. Kazi ikiisha, kwenye tundu mojawapo unaachwa mpira wa kutolea usaha na hewa, unene wa kidole changu cha mwisho, na mpira huo unasugua kila akivuta pumzi. Aliyepasuliwa mguu anaweza kuutuliza mguu. Kifua utakituliza vipi?

Anayeogopa kuvuta pumzi hakohoi. Asipokohoa makohozi yanalala, na pafu tulilohangaika kulikunjua linajikunja tena. Mofini inasaidia, lakini ukimzidishia mzee kama huyu anasinzia na kupumua kivivu, na usiku wodi nzima ina wauguzi wawili. Ndiyo maana naing'ang'ania ganzi.

Njia ya zamani, aliyoieleza Mjerumani Hugo Sellheim mwaka 1905, ni kuchoma kando ya uti wa mgongo pale mshipa unapochomoza. Ni nzuri sana, ila sindano inafika jirani kabisa na utando wa pafu, na kwa Mzee huko ndiko kulikokuwa na usaha. Nikachagua aina mpya zaidi ya ganzi, ESP (kifupi cha Kiingereza chenye jina la msuli wa mgongo), ambayo Forero na wenzake wa Kanada waliieleza mwaka 2016 walipokuwa wakihangaika na wagonjwa wa maumivu sugu ya kifua. Dawa unaiweka karibu zaidi na ngozi, kati ya mfupa na msuli mrefu wa mgongo, nayo inasambaa yenyewe juu na chini.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Mzee ameshalala, amegeuzwa ubavu. Nilihesabu pingili za kifua mpaka ya tano, nikapaka jeli, nikaweka kichwa cha ultrasaundi wima, sentimita tatu kutoka katikati. Misuli mitatu ilionekana imelaliana kama chapati kwenye sahani, na chini yake mifupa, kila mmoja na paji jeupe na kivuli cheusi. Sindano ikagusa mfupa. Nilipoanza kusukuma dawa, msuli uliinuka taratibu, kama mkeka uliopitiwa na maji chini. Hapo ndipo ninapoipenda kazi yangu.

Dawa yenyewe ya ganzi ni mililita 30 za bupivakeini ya asilimia 0.25, yaani miligramu 75. Kwa kilo zake 56 nilikuwa salama, ila chupa ya mafuta ya mshipani, meupe kama maziwa, lazima iwe karibu, kwa sababu dawa hii ikijaa kwenye damu inavuruga moyo. Mgonjwa aliye macho angekwambia masikio yanavuma au mdomo una ladha ya chuma. Aliyelala hasemi kitu. Unatazama mashine.

"Dakika ngapi?" bingwa akauliza.

"Kumi."

Zilikuwa kumi na tatu, na alizihesabu zote.

Alasiri Mzee alikunywa uji, akakohoa vizuri, akanisimulia habari za pweza. Nikaandika kwenye faili: maumivu 1 kati ya 10. Chini yake, parasetamoli, akihitaji. Neno hilo la mwisho ndilo lililomliza. Sindano moja ya bupivakeini inadumu saa kumi na mbili hivi, pengine pungufu, pengine zaidi, na kwake iliisha wodi ikiwa imelala huku mwilini hamna dawa nyingine hata moja. Mwongozo wa PROSPECT, kundi la wataalamu wa maumivu ya baada ya upasuaji, kuhusu upasuaji huu, wa mwaka 2022, unataka ganzi iende pamoja na parasetamoli na dawa za jamii ya diklofenaki, kwa saa zake, mgonjwa asisubiri kuomba. Niliusoma. Nimeufundisha, tena kwa madaha.

Nilimkuta ameketi wima, ameshika chuma cha kitanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ulisema ni matundu?"

Nikampa parasetamoli ya mshipani, mofini kidogo kidogo, na diklofenaki kwa kuwa figo zake zilikuwa nzima. Kulipokaribia kucha ubavu ulitulia, likabaki bega. "Huku hamkunikata," akalalamika. Kweli, lakini mpira ukisugua kiwambo cha chini ya mapafu, habari inapanda kwa mshipa unaotokea shingoni, na ubongo unadhani ni bega. ESP ya mgongoni haifiki huko.

Tangu siku ile, kwenye plasta ya mgonjwa naandika kwa kalamu ya wino mzito saa niliyochoma ganzi na saa ninayotarajia iishe. Wauguzi wananicheka kwamba naandika tarehe ya kuharibika, kama ya maziwa ya paketi.

Mzee alishinda akipuliza glovu, zoezi la kulikunjua pafu, mpaka vidole vyote vitano vinasimama. Siku ya kutoa mpira alimwona mwenzangu anakata nyuzi, akanigeukia.

"Na hili nalo ni tundu tu?"

Nikamwambia ukweli, nikampa mkono wangu aushike.